Jinsi ya kurekebisha umbo la picha kwenye TV bapa: anza na king'amuzi

Juzi mjomba aliniita kwenye kibanda umiza chake pale Majengo, Moshi. Alikuwa amenunua TV ya inchi 43, ile ya zamani ya chogo ameipeleka chumbani kwake, na wateja walikuwa wameanza kunung'unika. Wachezaji wamenenepa kama wamevimba, na dakika za mchezo zimeliwa na pembe ya kioo: inaonekana 7 peke yake, hujui ni dakika ya 7, ya 67 au ya 87. Nilipomaliza kumwamkia tu akaniambia, "Mjomba, nimeuziwa TV mbovu. Kesho nairudisha dukani."

TV ilikuwa nzima. Niliishika kuanzia alasiri mpaka isha, na muda mwingi ulipotelea kwenye hatua moja tu, hiyo ya 3 hapa chini. Naandika haya ili wewe usipotelee hapohapo.

Hatua ya 1: Waya

Kama king'amuzi kina tundu la HDMI, tumia HDMI. Waya wa AV wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, haubebi picha yenye zaidi ya mistari 576 toka juu hadi chini, wakati TV ya mjomba ina 1080. Waya wa HDMI wa kawaida wa mita moja na nusu unatosha. Ule wa bei kali wenye vichwa vya rangi ya dhahabu waachie wenyewe.

Hatua ya 2: Weka chini rimoti ya TV, shika ya king'amuzi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanabonyeza rimoti ya TV mpaka vidole viume, kumbe picha imeshaharibiwa kabla haijaifikia TV. King'amuzi kinaipa picha umbo kwanza, TV inafuata. Cha kwanza kikikosea, wa pili hawezi kunyoosha.

TV ya chogo ina upana wa 4 kwa kimo cha 3. TV bapa ni 16 kwa 9. Kioo cha inchi 43 kina upana wa kama sentimita 95 na kimo cha 53 na nusu. Picha ya 4:3 ikikaa humo bila kuvutwa inachukua sentimita 71 tu za upana, na kila upande unabaki na weusi wa sentimita 12. Ukiilazimisha ijaze kioo, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja nzima. Unene wa wale wachezaji ulitoka hapo: king'amuzi cha mjomba kilikuwa bado kwenye 4:3, alivyokiweka enzi za chogo.

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta mipangilio ya picha, weka 16:9. Vingine vina chaguo la ziada la vipindi vya zamani vya 4:3. Hapo chagua Pillarbox, yaani picha ikae katikati na weusi pembeni, au Auto. Usichague Full, Stretch wala Pan & Scan. Mbili za kwanza zinavuta, ya mwisho inakata kingo za picha ili ijaze.

Angalizo moja. Nyumba nyingi huku zina king'amuzi kimoja na TV mbili: bapa sebuleni kwa HDMI, ya chogo chumbani kwa AV. Ukiweka 16:9, ile ya chogo inaweza kuonyesha watu warefu wembamba kama mianzi. Angalia kama menyu ya hiyo ya chogo ina 16:9, maana baadhi zinayo. Kama haina, amua ni TV gani inatazamwa zaidi. Mjomba aliamua mara moja.

Hatua ya 3: Pembe zilizoliwa

Kwanza ujue kwa nini TV inakula pembe. Waliokulia na TV za chogo wanakumbuka: umeme ukipungua jioni, picha inasinyaa, pembeni kunabaki weusi. Watengenezaji waliliona hilo, wakaifanya picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo ili kingo zisionekane zikicheza. TV bapa haina tatizo hilo hata kidogo, lakini tabia imebaki, na TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zinakuza picha na kukata kingo.

Dawa ipo kwenye menyu ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha. Jina linatofautiana: kwenye LG ni Just Scan, kwenye Samsung ni Screen Fit au Fit to Screen, kwenye Sony ni Full Pixel. Ukiiwasha, TV inaonyesha picha yote kama ilivyopokelewa.

Kwa mjomba jina hilo lilikuwepo, ila limefifia rangi ya kijivu. Nalifikia, nabonyeza OK, halishiki. Nikazima na kuwasha. Nikabadilisha waya. Nikarudisha TV nzima kwenye mipangilio ya kiwandani, nikaanza kutafuta chaneli upya. Bado kijivu. Mjomba amekaa kwenye benchi la mbele, mikono kifuani, anatazama tu.

Sababu ilikuwa kwenye king'amuzi tena. Waya ulikuwa HDMI, lakini king'amuzi kilikuwa kinatoa picha ya 576, kiwango kilekile cha AV. TV nyingi zikipokea 576 zinaichukulia ni picha ya kizamani, zinakata kingo na kukifunga kile kipengele. Nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya Resolution, yaani kiwango cha picha, nikaweka 1080i, ile ya mistari 1080. Kioo kikawa cheusi kwa sekunde kadhaa, kikarudi. Nikafungua menyu ya TV, maandishi ya kijivu yamekuwa meupe. Nikabonyeza OK, picha ikajivuta ndani kidogo pande zote, na pale pembeni 7 ikawa 67.

Sasa mambo ya kuangalia katika hatua hii.

Kioo kikiwa cheusi baada ya kubadilisha Resolution, tulia. Ving'amuzi vingi vinauliza kama unaiona picha. Usipojibu, vinarudi vilikokuwa vyenyewe. Ukianza kubonyeza ovyo gizani hutajua umebonyeza nini.

Kama king'amuzi chako kina chaguo la Auto au Native kwenye Resolution, mimi siliweki. Picha inabadilika kiwango kila unapobadilisha chaneli, na TV nyingi zinatunza mipangilio ya kila kiwango peke yake, kwa hiyo utarekebisha chaneli moja ukute nyingine imekatwa. Funga 1080i. Kwa TV ndogo ya inchi 32 yenye vitone 1366 kwa 768, 720p inatosha.

Na TV inatunza mipangilio kwa kila tundu. Ukirekebisha HDMI 1, kisha mtoto akahamishia king'amuzi HDMI 2, kazi unaianza upya.

Hatua ya 4: Pima kwa kitu cha duara

Jicho linazoea haraka sana, baada ya wiki unene unaona wa kawaida. Pima kwa futi. Subiri marudio yanayoonyesha mpira kwa karibu, au nembo ya duara ya kituo, usimamishe picha kama king'amuzi kinaruhusu. Kama hakiruhusu, piga picha kioo kwa simu ukiwa umesimama mbele yake wima. Upana na kimo lazima vilingane. Duara la katikati ya uwanja halifai, kwa sababu kamera inalitazama kwa mshazari, litakuwa bapa hata picha ikiwa sahihi.

Wala usipime kwa picha ya sahani uliyoiweka kwenye flashi. Picha ya flashi inachezeshwa na TV yenyewe, haipiti kwenye king'amuzi. Mimi nilipima hivyo mwanzoni, sahani ikawa duara safi, nikadhani nimemaliza.

Hatua ya 5: Weusi wa kwenye sinema

Sinema nyingi zimepigwa kwa upana wa 2.39 kwa 1, mpana kuliko TV. Kwenye inchi 43 utaona weusi wa karibu sentimita 7 juu na 7 chini. Uache. Ukitumia Zoom kuuondoa unakata pande zote mbili za picha, na mara nyingine maandishi ya tafsiri yanaondoka nayo.

Hatua ya 6: Andika

Kitufe cha P.SIZE, RATIO au ZOOM kwenye rimoti ya TV kinabonyezwa bahati mbaya kila siku. Chukua karatasi, andika: "King'amuzi 16:9, 1080i. TV 16:9, Just Scan, HDMI 1." Ibandike ubavuni mwa king'amuzi. Ya mjomba ilishatumika Jumamosi iliyofuata, kijana anayekusanya hela mlangoni aliirudisha picha mwenyewe kabla kipindi cha pili hakijaanza.