Kutoka kwenye Ramani hadi Chini ya Mtaro: Hesabu ya Usawa wa Msingi

Mazoea ya mafundi wengi ni kuchimba futi tatu kutoka uso wa ardhi, basi. Kiwanja tambarare huenda kikakustahamilia. Pemba, kilima hakijesha bonde lishaanza, kwa hivyo kipimo kinachofuata ardhi kitapanda na kushuka nayo. Ramani ya nyumba haihesabu kutoka ardhini. Inahesabu kutoka sakafuni.

Tuchukue nyumba ya chini kwenye mteremko pale Wete.

Hatua ya 1. Fungua mchoro wa mkato (unaoonesha nyumba kama imekatwa toka juu hadi chini), utafute 0.000, usawa unaoanzia hesabu; namba zote ni mita. Kwa kawaida huo ni uso wa sakafu iliyokwisha, vigae vikiwemo. Soma na maelezo ya pembeni, maana wapo wachoraji wanaoiweka juu ya jamvi, yaani zege la chini ya sakafu.

Hatua ya 2. Shuka nayo. Mkato wetu unaonesha juu ya zege la msingi ni -1.150, unene wa zege 0.300, na blindi (zege jembamba linalotandikwa chini ya zege la msingi) 0.050. Chini ya zege ni -1.450, na chini ya mtaro ni -1.500. Blindi ndiyo inayosahauliwa sana.

Hatua ya 3. Hakiki kwa matofali. Sakafu na jamvi vinakula 0.150, kwa hivyo ukuta wa msingi una mita 1.000. Tofali la 0.230 na saruji ya 0.020 ni 0.250: kozi (safu za matofali) nne kamili. Isipotimia kozi nzima, mpigie mhandisi kabla ya kushika sururu.

Hatua ya 4. Weka alama ya kudumu isiyotikisika, mfano ukingo wa karo la jirani, uipe usawa wa 10.000, namba ya kujiwekea tu. Usitumie maji ya bahari. Wakati wa bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4. Mhandisi ametaka sakafu iwe 10.450, basi chini ya mtaro ni 10.450 - 1.500 = 8.950.

Hatua ya 5. Simamisha leveli, chombo cha kupimia usawa, na fimbo yake yenye vipimo. Fimbo ikiwa juu ya alama inasoma 1.320, kwa hivyo jicho la leveli liko 11.320. Chini ya mtaro fimbo isome 11.320 - 8.950 = 2.370. Ikisoma zaidi umezidisha kuchimba. Jazia zege, si kifusi.

Hatua ya 6. Pima ardhi kila kona. Hapa ndipo penye kazi. Kona ya juu ni 10.100, kina 1.150, haina neno. Kona ya bondeni ni 9.300: kina 0.350 tu, na uso wa zege unalingana na ardhi. Mvua za masika zitauchimbua.

Dawa ni kushusha msingi kwa vidaraja, kila kimoja kozi moja ya 0.250, kisizidi unene wa zege. Viwili vinatupeleka 8.450, kina 0.850. Zege la juu lipishane na la chini kwa angalau mara mbili ya urefu wa kidaraja, yaani 0.500 hapa. Pahala pa kukata vidaraja aseme mhandisi, achore na kutia saini. Vivyo hivyo ukigonga jiwe la matumbawe kabla ya kufika kina.

Hatua ya 7. Kabla ya kumwaga zege, piga vigingi vya uso wake: sehemu ya juu 9.300, fimbo isome 2.020, sehemu ya chini 8.800, isome 2.520. Rudi kwanza kwenye alama. Kama haisomi tena 1.320, leveli imesukumwa. Soma upya kabla hujagusa kigingi.