Kusafiri Nje ya Nchi Ukiwa na Faini za Barabarani: Hatua za Kufuata

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tiketi ya ndege anayo tayari, huku akijua au akihisi kwamba nchi anayotoka inamdai faini za barabarani. Nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu mmoja aliyezuiwa kwenye kaunta ya uhamiaji ilhali alikwisha kulipa kila alichodaiwa, na ndiyo sababu hatua ya nne imekuwa ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: fahamu sheria ya nchi unayotoka

Deni la faini halina uzito sawa kila mahali. Qatar ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 mwenye makosa ya barabarani hataruhusiwa kutoka nchini, iwe kwa nchi kavu, kwa anga au kwa bahari, mpaka alipe. Kuwait nayo iliweka sharti la namna hiyo kwa wageni mnamo Agosti 2023. Nchini Uholanzi, askari wa mpakani katika uwanja wa Schiphol huweza kuliona deni wakati wa kukagua pasipoti, na msafiri akatakiwa kulipa papo hapo. Marekani haimnyimi mtu pasipoti kwa sababu ya faini ya mwendokasi, kama inavyoweza kumnyima anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 za matunzo ya mtoto, lakini dereva aliyeitwa mahakamani asifike anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya pili: tafuta madeni yote

Tafuta kwa namba ya usajili wa gari, kisha kwa namba ya leseni, kisha kwa namba ya kitambulisho au pasipoti, kila moja peke yake. Faini ya kamera kwa kawaida hufuata namba ya gari, na faini iliyoandikwa na askari hufuata leseni ya dereva, kwa hiyo anayetafuta kwa njia moja tu huona nusu ya deni. Usilisahau gari uliloliuza bila kubadilisha jina la mmiliki. Anwani ya tovuti rasmi iandike mwenyewe, na kiungo cha malipo kilichokuja kwa ujumbe wa simu usikibonyeze hata kikiwa na nembo ya polisi, kwa kuwa matapeli wamezoea kutumia njia hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: lipa

Lipa kwenye mfumo rasmi kwa kadi au akaunti yenye jina lako. Mawakala wa mitaani siwapendekezi hata kidogo, kwa sababu risiti yao hubeba jina lao. Kama unapinga faini, kata rufaa mapema na ubaki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Usidhani kwamba rufaa yenyewe inasimamisha zuio la kusafiri.

Hatua ya nne: hakikisha zuio limeondolewa

Kulipa faini na kuondolewa zuio ni mambo mawili, na mara nyingi yanashughulikiwa na ofisi mbili tofauti. Ndugu niliyemsaidia alilipa jioni ya kuamkia safari. Ukurasa wa trafiki ulionyesha deni sifuri, risiti ilikuwa na muhuri wa kielektroniki, na bado ofisa alipoipitisha pasipoti kwenye mashine, jina lilitokea likiwa na zuio. Baada ya kuulizia sana tukagundua kwamba faini moja ya zamani ilikuwa imepelekwa mahakamani, ikapewa namba ya jalada, na mahakama ndiyo iliyoomba zuio. Malipo yalipokelewa na trafiki, lakini mahakama haikupata taarifa, na bila taarifa hiyo uhamiaji hawakuwa na mamlaka ya kumfungulia njia.

Kwa hiyo, baada ya kulipa, uliza maswali matatu na usiondoke bila majibu: je, kuna faini yoyote iliyofikishwa mahakamani, ni ofisi gani iliyoweka zuio, na ni nani anayetuma taarifa ya kuliondoa. Jibu likiwa mahakama, peleka risiti huko mwenyewe na uombe barua ya kufungwa kwa jalada. Angalia pia kama namba ya pasipoti iliyo kwenye jalada ndiyo unayosafiria, maana aliyepata pasipoti mpya anaweza kufutiwa zuio kwenye namba moja likabaki kwenye nyingine. Fanya yote haya siku za kazi na wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa uwanja wa ndege hufanya kazi usiku na siku za mapumziko lakini karani wa mahakama hayupo. Risiti na barua zichapishe. Mimi sitegemei picha iliyo kwenye simu, kwa sababu ofisa huhitaji kuisoma namba ya jalada vizuri na pengine kubaki na nakala.

Hatua ya tano: kama umeshaondoka

Aliyekodi gari hukuta kampuni imekata ada yake ya kutoa taarifa za dereva kwenye kadi. Ada hiyo kwa kawaida siyo faini yenyewe, na notisi ya faini huja baadaye. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Maelekezo namba 2015/413 yanaziruhusu nchi kubadilishana taarifa za wamiliki wa magari kwa makosa kadhaa ya barabarani, yakiwemo mwendokasi, kupita taa nyekundu na kutumia simu wakati wa kuendesha. Aidha, faini ya nchi moja inaweza kudaiwa katika nchi nyingine, ingawa nchi inayoombwa inaweza kukataa kudai iliyo chini ya yuro 70.

Unapoomba viza, soma swali kama lilivyoandikwa. Fomu ya Uingereza huuliza waziwazi kuhusu adhabu za makosa ya udereva. Jibu kweli, taja tarehe na kiasi ulicholipa, na uambatishe risiti ile ile uliyoichapisha.