Mithali, sura moja kwa siku

Wazazi wenzangu ambao ibada ya jioni nyumbani imewashinda, jaribuni kitabu cha Mithali katika Biblia. Kina sura 31, kwa hiyo tarehe ndiyo inayowapa sura. Leo tarehe 15? Fungueni sura ya 15. Hakuna kubishana mliishia wapi, na mkikosa siku mbili kwa sababu ya msiba au safari, mnaendelea na tarehe mliyoikuta.

Sisi tunasoma vyombo vikishatolewa mezani, kabla simu hazijarudi mikononi. Kila mtu anachagua mstari mmoja tu na kusema kwa nini umemgusa. Hapo msiwasahihishe watoto, wacheni waseme. Jioni moja binti yangu wa miaka 9 aliweka kidole kwenye 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira, akasema, "Baba, asubuhi ulipomkaripia kaka kuhusu viatu, hukujibu hivi." Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwomba kijana wangu msamaha palepale, mama yake akisikia. Aliitikia kwa kichwa, macho chini.

Sala iwe fupi, na mpokezane zamu. Hata mdogo kabisa aombe. Wa kwetu huwaombea kuku wa bibi yake, nasi tunaitika amina.