Jinsi ya kuchambua sentensi ya "ingalikuwa"

Shika njiti ya kiberiti, kavu, ambayo haijasuguliwa. Ivunje, uitupe, kisha useme: "Ingalisuguliwa, ingaliwaka." Wengi watakubali. Kazi ni kueleza kwa nini ni kweli, ilhali haikusuguliwa wala haitasuguliwa tena.

Hatua ya 1. Tenga sharti na tokeo. Kiswahili kinakurahisishia: -ki- huacha mlango wazi, -ngali- huufunga. (Siku hizi wengi hutumia -nge- kotekote, kwa hiyo sikiliza muktadha.)

Hatua ya 2. Weka kando jedwali la ukweli, yaani jedwali la mantiki linaloonyesha lini sentensi ni kweli na lini ni uongo. Humo, "ikiwa A, basi B" ni kweli kila A inapokuwa uongo. Hapa A ni uongo tayari, kwa hiyo hata "ingalisuguliwa, ingaligeuka sungura" itapita.

Hatua ya 3. Orodhesha ulivyoviacha kama vilivyo: njiti ni kavu, oksijeni ipo. Usiharakishe hapa, maana wanafunzi wangu wengi hukwama bila kujua. Ni kweli pia kwamba njiti haikuwaka. Mbona hilo hukuliacha? Ukiliacha pamoja na oksijeni, utapata: "Ingalisuguliwa, isingalikuwa kavu." Upuuzi, lakini umetoka kwenye mambo ya kweli matupu. Utajitetea kwamba njiti ingalisuguliwa, ukavu ungalibaki. Sawa, ila umeshatumia -ngali- kuieleza -ngali-. Mwanafalsafa Nelson Goodman aliuonyesha mzunguko huu mwaka 1947, na hakupata pa kutokea.

Hatua ya 4. Jaribu njia ya wanafalsafa Robert Stalnaker (1968) na David Lewis (1973): tazama ulimwengu wa kuwaziwa ambamo sharti limetimia na ambao unafanana zaidi na wetu. Je, njiti inawaka humo? Faida yake ni kwamba "ingalilowa na kusuguliwa, isingaliwaka" haigongani na sentensi ya kwanza.

Lakini kufanana kwa lipi? Mwaka 1975 mwanafalsafa Kit Fine aliuliza: Rais Nixon wa Marekani angalibonyeza kitufe cha makombora, si vita vya nyuklia vingalizuka? Ulimwengu ambamo waya ulikatika na vita havikutokea unafanana zaidi na wetu! Lewis alijibu mwaka 1979 kwa kupanga vipaumbele: kwanza kabisa, epuka uvunjaji mkubwa wa kanuni za maumbile, na mwisho kabisa, kufanana kwa takribani tu kwa matukio mojamoja kuna uzito mdogo au hakuna kabisa. Kwangu mimi, hilo ni vazi lililoshonwa baada ya kumpima mvaaji: vipaumbele vimepangwa ili jibu linalotakiwa litoke.

Hatua ya 5. Ijaribu sentensi kwa mfano wa mwanafalsafa Quine: Kaisari, jemadari wa Roma ya kale, angaliongoza vita vya Korea, angalitumia bomu la atomiki, au manati? Kabla ya kubishana na mwenzako, muulize anabakiza nini: silaha za Korea au ujuzi wa Kaisari.