Kusomea epidemiolojia Dar ukitokea ughaibuni

Wengi wanaoniandikia kutoka Uingereza na Marekani wakitaka kusomea epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na kudhibitiwa, huuliza ada kwanza. Mimi huwauliza: vyeti vyako vimeshapita TCU? Shahada iliyotolewa na chuo cha nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kama sekondari nayo uliisomea nje, Baraza la Mitihani ndilo linalolinganisha matokeo yako na ya hapa. Anza mapema, ukiwa bado huko. Mimi nilikata tiketi kwanza, kisha nikakaa wiki saba kwa dada yangu Sinza nikisubiri chuo nilichosoma zamani kitume matokeo yangu. Usipite njia hiyo.

Jambo la pili ni uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo aliyechukua pasi ya nchi nyingine anaingia kama mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Temeke. Kwa kawaida atahitaji kibali cha ukaazi cha wanafunzi, daraja C. Inauma, lakini ni afadhali ulijue leo kuliko uwanja wa ndege.

Sasa masomo yenyewe. Chuo kinachotajwa kwanza ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, pale Upanga. Kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Kuna shahada ya uzamili ya afya ya umma, inayokupa upana: takwimu, sera, uongozi wa huduma, afya ya mazingira. Na kuna njia ya epidemiolojia ya kazini, iliyoanza mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Hii ni ya miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi yuko kazini, anachambua taarifa za wilaya na kukimbilia milipuko inapotokea. Ilijengwa hasa kwa ajili ya watumishi wa afya wa serikali, kwa hiyo uliza mapema kama sifa zako zinaingia.

Kwa nini uje Dar, wakati huko uliko kuna vyuo vyenye majina makubwa? Kwa sababu ugonjwa unaulizwa kwa lugha ya mgonjwa. Nenda Tandale na dodoso lako, umwulize mama kama mtoto ana homa. Atakujibu, "Ana malaria," kabla hajapimwa, maana kwa wengi wetu kila joto la mwili ni malaria. Dengue, homa nyingine inayoenezwa na mbu, ilipolipuka jijini mwaka 2014, na tena 2019, anayesikiliza juu juu angeipita bila kuiona. Ukiuliza kuhusu kuhara, mwingine atasema hapana, kisha aseme tumbo linamwendesha tangu juzi. Uliyekulia Dar unayasikia haya mara moja. Huo ni ujuzi, tena mkubwa, na hakuna darasa la ughaibuni litakalokufundisha. Hata jina chikungunya limetoka kwa Wamakonde: ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa nchi, na neno hilo linamsema mtu aliyepindishwa na maumivu ya viungo.

Lakini usiingie mtaani na karatasi zako tu. Utafiti unaohusu watu unahitaji idhini ya kimaadili, na ile ya kitaifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Asiye raia anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukishavipata, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti, naye atakupa mjumbe wa kukuzungusha. Mjumbe ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na kisima kipi kina maji ya chumvi. Mheshimu, mwamkie vizuri, mnywe chai.

Kuhusu makazi: kampasi kuu iko Upanga, na ukipanda basi la mwendokasi na kushukia kituo cha Fire unafika kwa miguu kupitia Barabara ya Umoja wa Mataifa. Kampasi ya Mloganzila iko mbali, nje kabisa kwenye njia ya Morogoro, kwa hiyo hakikisha masomo yako yatakuwa wapi kabla hujalipia chumba. Na kama utaanza kazi ya mtaani wakati wa masika, leta buti za mvua. Bonde la Msimbazi likijaa, ndipo utakapohitajika huko.