Somo: Kuhamisha kanda za VHS kwenda DVD ukiwa nyumbani, na la kufanya kompyuta ikigoma eti "mkanda umelindwa"

Wakuu, ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya miaka ya 1990 Bara hatukuwa na televisheni, mwenye deki ndiye aliyejaza watu sebuleni. Ndiyo maana mpaka leo ukipita Tukuyu, Mafinga au Njombe hukosi nyumba yenye boksi la kanda juu ya kabati: harusi, kipaimara, kwaya, msiba wa babu. Deki mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inaziunda, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo ukipata deki nzima kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ichukue.

Mahitaji: deki, waya wa AV wenye vichwa vitatu, kidude cha USB cha kunasa video, kompyuta yenye nafasi ya kutosha na DVD tupu. Programu ya kurekodia tumia OBS Studio, ni ya bure.

Hatua ya 1: Kagua mkanda. Usikimbilie kuutumbukiza. Bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kifuniko, utazame utepe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona unga mweupe pembeni ya utepe ulivyojiviringisha, hiyo ni kuvu, na huku kwetu kwenye ukungu na mvua za Rungwe ni jambo la kawaida. Mkanda wa namna hiyo usiingie kwenye deki, maana kuvu itabaki kwenye vichwa vya deki vinavyosoma utepe na kuhamia kanda nyingine zote. Halafu kuna baridi. Mkanda uliotoka chumba chenye baridi ya Julai ukiingia kwenye deki yenye joto hushika umande, na utepe unanasa kwenye ngoma, yaani silinda inayozunguka yenye vichwa hivyo. Uache saa kadhaa upate joto la chumba.

Hatua ya 2: Peleka mbele mpaka mwisho, rudisha mwanzo. Utepe uliolala miaka umegandamana, hii inaulegeza.

Hatua ya 3: Safisha vichwa. Chomoa umeme, fungua mfuniko wa deki. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe safi kwa spiriti ya isopropili, kibane taratibu kwenye ngoma kwa kidole kimoja, na kwa mkono wa pili uizungushe ngoma. Karatasi itulie, kinachozunguka ni ngoma. Usisugue juu na chini, utavunja vichwa. Vijiti vya pamba vya masikio pia hapana, nyuzi zake hunasa.

Hatua ya 4: Unganisha. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Waya utoke kwenye OUT ya deki. Kwenye programu chagua PAL (mfumo wa picha wa kanda za kwetu), 720×576, fremu 25 kwa sekunde.

Hatua ya 5: Rekodi. Hakuna njia ya mkato: mkanda wa E-180 ni saa tatu, utarekodi saa tatu. Kompyuta iwe na betri nzima, maana umeme wetu tunaujua.

Hatua ya 6: Choma. DVD ya GB 4.7 inabeba kama saa mbili kwa ubora mzuri. Mkanda wa saa tatu ugawe diski mbili. Choma kwa kasi ndogo, na faili lenyewe liweke pia kwenye diski ngumu ya nje (hard disk), kwa sababu DVD za kuchoma nazo huchakaa.

Sasa kwenye ulinzi, ambako wengi hukwama. Filamu nyingi za kununua ziliwekewa Macrovision, ulinzi wa kuzuia kunakili, kuanzia miaka ya 1980. Ni mapigo ya umeme yaliyofichwa kwenye mistari ya juu ya picha, ile ambayo TV haiionyeshi. TV haijali, lakini mashine ya kurekodi ina sakiti inayojirekebishia nguvu ya picha, nayo inachanganyikiwa: picha inafifia, inang'aa, inafifia tena. Vidude vingi vya USB vikiyaona mapigo hayo vinakataa kabisa.

Kinachoudhi ni kwamba mkanda wa harusi ya shangazi hauna ulinzi wowote, ila mawimbi yake yakichakaa na kuyumba, kidude kinadhani ni Macrovision. Unaambiwa huna ruhusa ya kunakili harusi yenu! Rudia hatua ya 3, rekebisha trekingi (kitufe cha deki cha kuweka sawa usomaji wa utepe), kisha jaribu deki nyingine. Ikishindikana, tafuta kifaa cha TBC (kirekebishi cha muda wa mawimbi ya picha, si kituo cha TV), au deki ya S-VHS (VHS ya ubora wa juu) yenye TBC ndani. Hunyoosha mawimbi kabla hayajafika kwenye kompyuta. Filamu ya dukani mimi siisumbukii. Tafuta DVD yake halali.

MASWALI

Iringa: Kamwene mkuu. Picha inatoka nyeusi na nyeupe, mkanda aliuleta mjomba kutoka Marekani.
Jibu: Kamwene. Huo ni NTSC, mfumo wa Marekani, kanda za kwetu ni PAL. Badilisha kwenye programu. Isipokubali, deki yako inautoa kwa mfumo wa mseto ambao TV inauelewa ila kidude hakiuelewi. Hapo unahitaji deki inayotoa NTSC halisi.

Uyole: Mtu akitembea vinatokea vimistari kama meno ya kitana.
Jibu: Washa "deinterlace" (kuondoa vimistari hivyo) ukitazama kwenye kompyuta. Kwenye DVD ya kuchezea TV achana navyo.

Makambako: Naweza kuifanya biashara?
Jibu: Kanda za familia za wateja, fanya. Filamu na miziki ya watu kuzidurufu na kuuza, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 itakukamata.

Tukuyu: Kaka, utepe umekatika katikati, nimeunga kwa selotepu.
Jibu: Itoe kabla hujacheza! Gundi yake hutambaa mpaka kwenye vichwa. Kata ncha zote mbili zilizokunjamana, unga kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, upande wa mgongo, yaani ule usiogusa ngoma. Ukikosa, funga kila kipande kwenye ganda lake, urekodi kimoja kimoja, uviunge kwenye kompyuta.