Namna ya Kuchunguza Mchoro wa Tingatinga Kabla ya Kuununua au Kuuuza

Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba nyingi za mitaa ya Kisasa, Area D na Ilazo zimepokea mizigo ya familia kutoka Dar es Salaam, na humo hukosi kukuta mchoro wa Tingatinga ulioachwa na baba au shangazi. Wapo wanaouuza kwa bei ya fremu yake, na wapo wanaotoa fedha nyingi kwa kuwa tu jina la Tingatinga limeandikwa pembeni. Makosa yote mawili huwapata watu wasioijua safari ya kazi ya mchoraji mwenyewe, nami nawasihi waanzie hapo.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza uchoraji mwaka 1968, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alichora, basi, kwa miaka isiyozidi minne, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni waliopita nje ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay. Kwa hiyo kazi za mkono wake ni chache, na nyingi kati ya hizo zilikwishavuka bahari zamani.

Mchoro uliotiwa tarehe ya mwaka 1975 au 1990 hauwezi kuwa wake, hata kama saini yake imeandikwa vizuri kiasi gani. Hilo halimaanishi kwamba hauna thamani. Wanafunzi wake, kama Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda na Simon Mpata, waliuendeleza mtindo huo, na kazi zao za mwanzo hutafutwa na wakusanyaji. Ushirika wa wachoraji ulioundwa mwaka 1990 umeendelea kuzalisha michoro mizuri hadi leo. Lililo muhimu ni kumtaja mchoraji halisi, kwa kuwa neno Tingatinga ni jina la mtu na pia ni jina la mtindo, na wauzaji wasio waaminifu hujificha katikati ya maana hizo mbili.

Kisha ugeuze mchoro uutazame mgongoni. Edward alichora kwenye hadibodi, mara nyingi kipande cha mraba cha takriban sentimita 60 kila upande, kwa rangi ya kung'aa ya aina iliyotumika kupaka baiskeli. Mara nyingi utaona mnyama au ndege mmoja mkubwa juu ya rangi moja tulivu. Michoro iliyojaa watu wa sokoni au hospitalini kwa kawaida ni ya baadaye. Kitambaa cha turubai nacho kilienea zaidi biashara ya watalii ilipokua, kwa kuwa hukunjwa kikaingia kwenye begi. Saini ichunguze mwishoni kabisa: ikiwa rangi yake imeingia ndani ya nyufa za zamani au imekaa juu ya uchafu, iliongezwa baadaye.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni historia ya umiliki. Waulize wazee wa familia nani aliununua, wapi na mwaka gani, uyaandike majibu yao wakiwa hai; barua, risiti na picha ya sebule ya zamani inayouonyesha mchoro ukutani vihifadhiwe pamoja nao. Wala usiudharau mchoro kwa kuwa umekutwa katika nyumba ya kawaida: mchoro uitwao Tutu, picha ya binti wa kifalme wa Kiyoruba uliochorwa na Ben Enwonwu wa Nijeria mwaka 1974, ulikuwa umetundikwa katika nyumba ya kawaida jijini London, na mwaka 2018 ukauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.2.

Kuhusu bei, linganisha na kazi za mchoraji yuleyule, za ukubwa, kipindi na hali inayofanana, ambazo kweli zimeuzwa mnadani, wala usitegemee bei ambazo muuzaji anatamani kulipwa. Usimlinganishe Edward na George Lilanga, msanii mwingine maarufu wa Tanzania aliyefariki mwaka 2005, ambaye alifanya kazi kwa miongo kadhaa na karakana yake ilikuwa na wasaidizi.

Wakati uchunguzi ukiendelea, ulinde mchoro dhidi ya hali ya hapa kwetu. Hadibodi ikisimamishwa sakafuni huliwa na mchwa, na ikioshwa kwa maji na sabuni huvimba. Vumbi la kiangazi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, na mchoro utundikwe mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Usimruhusu fundi kuipaka rangi upya sehemu iliyofifia, wala kuikoleza saini. Siku ya mauzo, risiti itaje mchoraji, vipimo, kilichochorewa, tarehe na majina ya wahusika wote wawili; na pale mchoraji asipojulikana kwa uhakika, iandikwe tu kwamba ni mchoro wa mtindo wa Tingatinga.